Usivute Tumbo: Namna ya Kujipima Shati Ukiwa Hillbrow

Simama Jumapili saa nne asubuhi kwenye mtaa wa Kotze, Hillbrow, Johannesburg, uwatazame wanaume wanaokwenda ibadani. Suti zimepigwa pasi, viatu vinang'aa, Biblia ziko kwapani. Kisha tazama mashati. Huyu kola imemkaba mpaka macho yamemtoka. Yule kola imempwaya, shingo inacheza ndani yake kama mchi kwenye kinu. Wa tatu vifungo vinavutana tumboni, na kati ya kifungo na kifungo pamefunguka kidirisha ambamo fulana ya ndani inachungulia. Wa nne mikono ya shati imemfika kwenye kucha, akitaka kutoa sadaka itambidi kwanza autafute mkono wake mwenyewe.

Waulize, na kila mmoja atakwambia fundi ndiye aliyemharibia. Mimi namtetea fundi. Fundi yuko Bukavu, Lubumbashi au Kariakoo. Mteja yuko ghorofa ya tisa, Hillbrow. Kati yao kuna ujumbe wa WhatsApp wenye namba sita, na nne kati ya hizo ni za uongo. Fundi alikata kile alichoandikiwa. Shati likafungwa, likapewa shemeji anayesafiri, likashuka naye basi pale Park Station, likafika likiwa linamtosha sawasawa mwanaume ambaye bado hajazaliwa.

Mwongozo huu unataka kukomesha jambo hilo. Ni wa yule aliyeambiwa atume vipimo upesi kwa sababu harusi ya dada yake imekaribia na kamati imeshanunua kitambaa. Ni wa yule pia atakayevuka barabara tu kumfuata fundi mwenye cherehani barazani. Njiani nitakutania, maana wanaume habari za tumbo hatuzisikii ila kwa utani. Lakini kila kipimo nitakachotaja nakitaja kwa dhati, na ninataka ukifuate.

Hillbrow naichagua kwa sababu sijui mtaa mwingine ambako shati lina kazi nzito kama hapa. Kwa Sheria ya Maeneo ya Makundi ya mwaka 1950, huu ulikuwa mtaa wa Wazungu peke yao. Watu weusi na Wahindi waliingia kwa wingi kwenye maghorofa yake katika miaka ya 1980, kabla sheria yenyewe haijafutwa mwaka 1991, na baada ya hapo likafuata bara zima. Sheria ya Wakimbizi ya Afrika Kusini ya mwaka 1998 haiwafungii watu kambini. Mtu akitoka Kivu anaomba hifadhi, kisha anajitafutia mwenyewe pa kulala mjini. Mara nyingi anachopata ni kipande cha chumba, pazia upande huu na ubao upande ule. Hana shamba la kuonyesha, hana nyumba, wala jina la ukoo wake halina maana kwa anayemsikiliza. Anaposimama mbele ya mwajiri, hakimu, mwenye nyumba au karani wa Mambo ya Ndani, macho hutua kwenye kola yake kabla ya kufika kwenye makaratasi yake. Sisemi ni haki. Nasema ndivyo ilivyo, na kwa sababu hiyo kola lazima ikae vizuri.

Wengine wetu tuna sababu ya kutojua. Mzee aliyekulia Zaire hakufundishwa na baba yake kupima kola, kwa kuwa mapema katika miaka ya 1970 Rais Mobutu alikataza suti na tai za Kizungu, akawavika wanaume abacost, koti la kufungwa hadi juu lisilohitaji tai. Katazo hilo liliondolewa mwaka 1990. Kizazi kizima cha wanaume wa heshima kilipita bila kuhitaji kujua shingo ina sentimita ngapi. Vijana waliobisha ndio wale wa La Sape, walioipenda nguo kama watu wengine wanavyopenda mpira, na mwanamuziki Papa Wemba, aliyefariki jukwaani Abidjan mwaka 2016, ndiye aliyewabeba mbele ya macho ya dunia. Johannesburg nayo ina wenzao: swenka, vibarua wa Kizulu wanaoshindana kwa mavazi na madaha mbele ya mwamuzi. Mdenmaki Jeppe Rønde aliwatengenezea filamu, ikatoka mwaka 2004. Mtu ametoka kubeba zege wiki nzima, lakini usiku wa mashindano anainua mkono wa koti polepole ili mwamuzi aone jinsi mkono wa shati ulivyotokeza. Yule kibarua anajua kipimo cha mkono wake. Wewe mwenye digrii hukijui.

Na kama huna fedha za kushonesha, usione haya. Mandela alipoanza kazi katika ofisi ya mawakili Johannesburg miaka ya 1940, mwajiri wake Lazar Sidelsky alimpa suti yake kuukuu, naye ameandika kwamba aliivaa karibu miaka mitano, mpaka viraka vikazidi suti yenyewe. Nguo ya kupewa inasitiri. Ninayemkemea mimi ni yule aliyelipia kitambaa, akalipia fundi, akalipia na nauli ya mzigo, halafu akadanganya kipimo.

Sasa tuanze. Jambo la kwanza, usijipime peke yako. Najua kichwa cha habari kinasema kujipima, lakini mwili wa mwanadamu haukubali. Ukishika tepu mwenyewe mkono unapanda, bega linapanda nao, kifua kinajikunja, na ukitaka kusoma namba ya mgongoni unageuza shingo na namba inageuka pamoja nawe. Hillbrow haina upungufu wa watu. Nyuma ya pazia kuna mtu. Mwite kwa adabu: "Kaka, nisaidie dakika kumi, nataka kupima shati." Akikuuliza harusi ya nani, mjibu, maana atakupima vizuri zaidi akijua. Kazi yako ni kusimama wima, kutazama mbele na kunyamaza. Yeye ndiye asome namba, na aisome kwa sauti. Usimsaidie kusoma. Namba ikikuuma, iache ikuume.

Chagua mchana, karibu na dirisha. Mji huu umeona miaka mingi ya mgawo wa umeme, mwaka 2023 ukiwa mbaya kuliko yote, na namba iliyosomwa kwa mwanga wa simu huwa ni ya kukisia. Vua sweta. Johannesburg iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Dar es Salaam akifika mwezi wa Julai huvaa kila alichonacho. Nimeona watu wakipimwa juu ya fulana, shati, sweta na jaketi, halafu wanashangaa shati lililotoka huko lingewatosha wawili. Baki na fulana nyepesi ya ndani, ile utakayoivaa chini ya shati lenyewe. Toa simu mfukoni. Toa na pochi.

Tepu nayo uihoji kabla ya kuiamini. Ya kawaida ina sentimita 150, na upande wa pili inchi 60. Zile laini za bei rahisi huvutika zikizeeka, na tepu iliyovutika inakupa kiuno chembamba kuliko ulichonacho, ndiyo maana watu hawaitupi. Ijaribu kwa karatasi ya A4, ambayo kila mtu wa Hillbrow anayo ndani ya mfuko wake wa plastiki wa vibali: urefu wake ni sentimita 29.7, upana sentimita 21. Tepu isipokubaliana na karatasi, ya kutupwa ni tepu. Usikikunje kibali chako kwa ajili ya kupimia, kitachanika.

Kisha amua mapema: inchi au sentimita. Afrika Kusini iliacha inchi miaka ya 1970, lakini mafundi wetu wengi wa Afrika Mashariki bado wanakata kwa inchi, na mgongano huo umeua mashati mengi kuliko mende. Mtu anatuma "mkono 25", fundi anaelewa inchi, na yuko sahihi. Kisha kwenye ujumbe uleule anatuma "shingo 40", ambayo kwa inchi ni shingo ya ng'ombe. Fundi mwerevu atakupigia simu. Fundi mwenye kazi nyingi atakisia. Inchi moja ni sentimita 2.54. Tumia upande mmoja wa tepu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na uandike jina la kipimo.

Shingo ndiyo mama wa shati rasmi, kwa hiyo tukae hapa kidogo. Tepu izunguke chini ya koromeo, pale ambapo kola italala, isiwe juu karibu na kidevu. Iguse ngozi bila kukaba. Namba hiyo ndiyo shingo yako ya mwili. Kola iliyokwisha kushonwa inatakiwa kuizidi kwa sentimita moja hadi moja na nusu, nafasi ya kupitisha kidole na kumeza mate wakati wa hotuba. Madukani, kwenye maduka ya Wahabeshi kando ya barabara ya Rahima Moosa ambayo wengi bado wanaiita Jeppe, utakuta mashati yameandikwa 38, 39, 41, 42, 43, au kwa inchi 15, 15 na nusu, 16, 16 na nusu, 17. Ni safu ileile, na namba hizo ni za kola, hazikusudiwi kuwa za shingo. Mwenye shingo ya 39 na nusu anunue 41. Kila nikisema hivyo napata mtu wa kubisha kwamba 39 inamkaa "ikiwa hafungi kifungo cha juu." Bwana, shati ambalo halifungwi kifungo cha juu halivaliwi na tai. Umenunua shati la kwenda bichi, na kutoka hapa mpaka bahari kwa barabara ni zaidi ya kilomita 500.

Shingo pia ndiyo inayoumizwa zaidi na maji. Pamba ambayo haikutayarishwa kiwandani hunywea ikifuliwa mara ya kwanza. Kola ya 41 ikinywea asilimia tatu, imepoteza zaidi ya sentimita moja, yaani ile nafasi yote uliyoachiwa ya kumeza mate. Mmarekani Sanford Cluett, wa kampuni ya mashati ya Troy, New York, alijulikana katika miaka ya 1930 kwa mashine ya kukinyweza kitambaa kabla hakijakatwa, na tangu hapo mashati ya kiwandani yakatulia. Kitambaa cha jora ulichokinunua wewe hakina dhamana hiyo mpaka umekifua. Basi kifue. Ukinunua poplini au pamba nyingine Oriental Plaza, kule Fordsburg, ambako wafanyabiashara wa Kihindi walisukumwa miaka ya 1970 baada ya kuondolewa Pageview, rudi nayo nyumbani, iloweke, ianike, ipige pasi, ndipo uipeleke kwa fundi. Mita mbili za kitambaa chenye upana wa sentimita 150 zinamtosha mwanaume wa kawaida kwa shati la mikono mirefu. Upana ukiwa sentimita 115, chukua mbili na nusu. Mla magwinya, yale maandazi ya huku, kila asubuhi aongeze kidogo.

Mabega yanapimwa mgongoni, kutoka ncha ya mfupa wa bega moja, yaani pale ambapo mkono unaanza kushuka, kupita juu ya mgongo hadi ncha ya pili. Mwenzako auguse mfupa kwa kidole kabla ya kuweka tepu. Mshono wa shati unatakiwa ulale juu ya mfupa huo. Ukishuka chini yake unaonekana umeazima shati la kaka mkubwa, na ukipanda juu yake mkono unavutwa kila unapopeana salamu. Mwambie mwenzako arudi nyuma hatua mbili akutazame: je, bega moja liko chini? Kwa watu wanaopandisha mizigo kwa ngazi kwenye majengo ambayo lifti zake zilikufa zamani, bega la upande wa kubebea mara nyingi limeshuka. Liandike. Fundi anaweza kukata upande mmoja tofauti na mwingine, lakini hawezi kuota kwamba wewe ulibeba mitungi ya gesi mpaka ghorofa ya kumi na moja.

Tumefika kifuani na tumboni, mahali ambapo wanaume waaminifu hugeuka waongo.

Kifua: tepu ipite chini ya kwapa, juu ya sehemu iliyojaa zaidi, na mgongoni isiteremke. Inua mikono tepu ipite, kisha ishushe. Pumua. Toa pumzi kama kawaida. Hapo hapo asome. Usijaze mapafu. Kuna watu wakisikia neno kifua wanasimama kama askari wa gwaride mbele ya rais, kifua kinaongezeka sentimita nne au tano, na shati linalokuja lina mifuko miwili ya hewa pembeni.

Tumbo: tepu ipite usawa wa kitovu, si pale unapofungia mkanda chini ya tumbo. Na usivute. Nakuomba kwa jina la mama yako aliyekulisha, usivute tumbo. Tumbo ulilolivuta kwa sekunde tatu litarudi, na litarudi likiwa ndani ya shati, mbele ya wakwe, pilau likiwa limeshateremka. Hakuna mtu Bukavu anayeijua namba yako zaidi ya fundi, na fundi ameona matumbo makubwa kuliko lako. Mwanaume aliyeondoka nyumbani akiwa na kiuno cha 80 na sasa ana 98 hana cha kuficha: amekula pap, ule ugali wa huku, amekula kota, ule mkate uliojazwa chipsi, saa sita usiku baada ya zamu ya ulinzi, ameishi. Ninachokikataa ni ile picha ya zamani anayoibeba kichwani na kuituma kwa fundi kama kipimo.

Baada ya kupimwa ukiwa umesimama, kaa kitini mtu apime tena tumbo. Namba itapanda. Hiyo ya kukaa ndiyo itakayoamua kama vifungo vitavutana, kwa kuwa harusini utasimama dakika chache na kukaa saa nyingi. Mtumie fundi zote mbili. Pima na nyonga, sehemu pana ya makalio, maana shati refu linashuka hadi huko na likibana litajikunja kiunoni.

Nafasi ya kuongeza ni kazi ya fundi. Shati la kukaa karibu na mwili huongezwa kifuani sentimita kumi hivi. La kupumua huongezwa kumi na tano au zaidi kidogo. Ukijiongezea wewe kwanza, naye akaongeza yake kama alivyofundishwa, umejishonea kanzu. Kwa hiyo andika neno moja mwanzoni mwa ujumbe: "mwili". Maana yake ni kwamba namba zote ni za ngozi na fulana, hazijaongezwa kitu. Neno hilo moja lingeokoa nusu ya mashati ninayoyaona Kotze.

Mkono upimwe ukiwa umekunjwa kidogo kwenye kiwiko, tangu mfupa wa bega, kupita nje ya kiwiko, hadi kwenye kifundo cha mkono pale mfupa ulipotokeza. Mkono ulionyooka kama fimbo hutoa shati linalopanda kila unaposhika usukani. Pima yote miwili, mara nyingi hailingani. Na useme umeanzia wapi, kwani mashati ya Kimarekani hupima mkono tangu katikati ya shingo nyuma. Mtu akisoma 34 kwenye lebo ya shati la mtumba na kumtumia fundi anayepima tangu begani, fundi atashona mikono ya inchi 34 na mteja atapiga deki nayo. Shati likiisha, mwisho wa mkono ufike pale kiganja kinapoanza, na chini ya koti utokeze sentimita moja hadi moja na nusu. Swenka wanaijua sentimita hiyo kwa moyo. Kifundo cha mkono zungusha tepu tu, na umwambie fundi unavaa saa mkono gani ili upande huo auachie nafasi zaidi.

Urefu: tangu mfupa unaojitokeza nyuma ya shingo, kushuka na uti wa mgongo, hadi chini ya makalio. Watu wanaupuuza urefu kwa sababu hauonekani, umefichwa ndani ya suruali. Unaonekana saa mbili asubuhi kwenye kona ya mtaa wa Claim, unapoinua kidole cha shahada kusimamisha teksi ya kwenda mjini. Johannesburg teksi husimamishwa kwa ishara za vidole, na hiyo ndiyo ya mjini. Shati fupi likichomoka pale, kitovu chako kitasalimiana na abiria wote kabla yako. Kuna jambo jingine linalofichuliwa na kidole hicho, na mafundi wengi wazuri watakuambia vilevile: tundu la mkono lililo pana na lililoshuka chini ya kwapa halikupi uhuru, linakunyang'anya, kwa kuwa ukiinua mkono linanyanyua shati zima. Tundu dogo lililopanda karibu na kwapa linauacha mkono uende peke yake. Muombe fundi apandishe tundu la mkono. Akishangaa, mwambie unapanda teksi.

Ikiwa nyuma ya pazia hakuna mtu, au yupo lakini mmegombana kuhusu bili ya umeme, bado kuna njia, nayo ni nzuri kuliko kujizungushia tepu peke yako. Chukua shati moja linalokukaa vizuri. Unalo, kila mwanaume ana moja, pengine alilolipata Dunusa, lile soko la nguo za mtumba la mtaa wa De Villiers, mahali ambapo watu huinama juu ya marundo wakati sheria ya nchi inabana uingizaji wa mitumba. Lifunge vifungo vyote, lilaze juu ya meza au sakafuni, lisawazishe kwa kiganja bila kulivuta. Kola uifungue, uinyooshe, upime kutoka katikati ya kifungo hadi mwisho wa tundu la kifungo ulio mbali. Pima mshono wa bega hadi mshono wa bega. Kifua pima kutoka kwapa hadi kwapa, kisha zidisha kwa mbili. Kiuno hivyo hivyo. Mkono kutoka mshono wa bega hadi mwisho. Urefu kutoka chini ya kola nyuma hadi pindo. Hapo andika "shati" badala ya "mwili", na fundi asiongeze kitu. Ukichanganya namba za mwili na namba za shati kwenye ujumbe mmoja, umerudi pale tulipoanzia, kwa yule mwanaume ambaye hajazaliwa.

Kwa shati la Madiba, lile la maua linalovaliwa nje ya suruali bila tai, usihangaike na haya yote. Lilibuniwa kupwaya, na linapendeza likipwaya.

Ujumbe wako uwe mfupi namna hii: "Shikamoo fundi. Mwili, sentimita. Shingo 39.5, mabega 46, kifua 100, tumbo kusimama 94, kukaa 98, nyonga 102, mkono kutoka begani kulia 63, kushoto 62.5, kifundo 17, saa kushoto, urefu 78. Bega la kulia limeshuka. Tundu la mkono lipande. Kitambaa kimefuliwa." Ambatisha picha tatu, mbele, ubavuni na nyuma, mikono ikining'inia, bila kuringa. Andika na tarehe, kwani mwili wa mwaka jana si kipimo. Usitume sauti ya dakika nne. Fundi ana mkasi mkononi na cherehani inanguruma, namba anataka kuziona.

Akikuuliza swali, jibu siku hiyohiyo. Fundi anayeuliza ni hazina, na wateja wengi humkimbia kwa kudhani hajui kazi.

Shati likifika, usilipigie picha ya shukrani bado. Livae na suruali utakayoivalia, funga vifungo vyote hadi cha juu, pitisha kidole kwenye kola. Kaa kitini utazame vifungo vya tumbo. Inua kidole cha teksi utazame kiunoni. Vaa koti, teremsha mikono, tafuta ile sentimita moja. Kama kuna kasoro, usimwandikie fundi kwamba shati "haliko sawa". Mwandikie mahali na kiasi: kola ipunguzwe sentimita moja, mkono wa kulia ukatwe moja na nusu. Na ikiwa namba iliyoharibu ni uliyoituma wewe, lipia marekebisho. Kisha lifue mara moja, lianike kivulini, lipige pasi, upime kola upya. Namba ya baada ya kufua ndiyo umpe fundi utakapoagiza shati la pili.